Hapo Pana Wenyewe

Wapendwa, wiki hii nzima nimesimamishwa barabarani, nimepigiwa simu, hata kwa kinyozi nimeulizwa nikiwa na povu la sabuni shavuni: "Mchungaji, ni kweli lile kanisa letu la zamani la mjini linakwenda kuwa hoteli? Watu wauze supu pale tulipobatizwa?" Na wengine wananivuta pembeni, macho yamewaiva, wananiuliza kwa sauti ya chini: "Sasa Mungu atakwenda wapi?"

Ni swali zuri. Ni swali la mtu anayependa. Leo sitalijibu kwa lugha ya vikao, maana vikao mmevisikia hadi mmechoka. Nitawapa mama mmoja mumsikilize, kisha swali lenu mtalijibu wenyewe.

Kulikuwa na mama mmoja katika mji ambao si huu. Narudia, si huu, kwa hiyo acheni kugeuza shingo mkimtafuta. Alikuwa mjane, mtu mzima, mnyoofu, mwenye sauti ya kwanza katika kwaya ya akina mama. Akianza pambio hata wapita njia nje ya ukuta wanajua leo yupo. Kanisa lake lilikuwa katikati ya mji kabisa, la mawe, lenye madirisha ya vioo vya rangi na dari ya mbao iliyochongwa. Alibatizwa humo, akafunga ndoa humo, na jeneza la mumewe lilitokea mlango uleule alioingilia siku ya harusi yake.

Kanisa hilo lilikuwa na desturi yake. Wazee waliolijenga, nguvu ziliwaishia kwenye paa. Jengo likasimama zuri, lakini ndani hakuna pa kukalia. Wakakubaliana kwamba kila ukoo utatengeneza benchi lake na kulileta. Weee! Koo zikashindana. Huyu kaleta mninga, yule kaleta mvule, mwingine kasafiri mpaka wilaya ya jirani kumfuata fundi anayejua kuchonga nakshi, ili benchi lake liwe na mgongo wa maua. Siku ya kuyaweka wakfu yalibebwa mabegani kwa nyimbo na vigelegele, yakapangwa, askofu akayaombea, yakawa mali ya Mungu. Jumapili iliyofuata kila ukoo ukaenda moja kwa moja kukalia benchi lake.

Mmeona kilichofanyika hapo? Walimpa Mungu mabenchi, kisha wakayakalia wenyewe. Na watoto wao wakayarithi, na wajukuu wakayarithi, kama mtu anavyorithi shamba.

Benchi la mama huyu lilikuwa la tatu kutoka mbele, upande wa kulia. Babu wa mumewe ndiye aliyelileta. Pembeni yake, pale mkono unaposhika mtu akitaka kuinuka kusali, mbao zilikuwa zimelainika kwa kiganja cha mumewe, maana yule mzee alikuwa mnene na magoti yalimsumbua. Alipofariki, mama akawa anakaa upande ule, anaweka kiganja chake palepale, na ibada nzima anajisikia kwamba hayuko peke yake. Mjane yeyote aliyemo humu ananielewa.

Tena mama huyu alikuwa mhudumu wa mlangoni. Skafu ya zambarau shingoni, viatu vyeupe, na ramani ya mabenchi yote kichwani. Akimwona mgeni anajikalia tu, anamwendea bila kelele, anainama, anamnong'oneza kwa heshima zote: "Samahani, hapo pana wenyewe." Mgeni anahama. Anajaribu benchi la nyuma yake. "Samahani mpendwa, hata hapo pana wenyewe." Mwisho mgeni anajikuta kwenye kiti cha plastiki kando ya mlango, pale ambapo mvua ikija na upepo inakulowesha magoti.

Msimcheke. Mama huyu hakuwa na roho mbaya hata kidogo. Alikuwa akifika kabla ya mlinzi kufungua geti, anafuta vumbi, anapanga vitabu vya nyimbo, na mtu akifiwa yeye ndiye wa kwanza kuinjika chungu cha chai kwenye msiba. Kwake yeye ule ulikuwa utaratibu, na utaratibu aliufundishwa na watu aliowaheshimu.

Basi mji ukapanuka. Watu wakajenga nje, huko kwenye viwanja vikubwa, na wenye mabenchi wakahamia huko na kuabudu huko. Wana wa mama huyu nao, wote wawili, wakapata kazi mikoa ya mbali, wakaoa hukohuko. Lakini mabenchi yaliendelea kuwangojea wenyewe! Unaingia Jumapili, familia ya mwalimu mkuu haipo lakini benchi lao lipo na hakuna anayeligusa. Ya mtunza hazina haipo, benchi lipo. Wageni wamebanana mlangoni, katikati ni peupe. Kanisa lilijaa watu ambao hawapo, na mchungaji wa pale, masikini, alikuwa anazihubiria mbao.

Ikafika mahali paa linavuja na hakuna wa kuliziba. Halmashauri ya kanisa ikakaa, ikalia, ikaamua. Waumini wachache waliobaki wakaunganishwa na usharika mwingine, na jengo likakodishwa kwa kijana mmoja mwekezaji aliyeahidi kutovunja hata jiwe moja. Alitaka kuweka migahawa ndani: huku wapishi wa pilau na supu, kule kahawa na maandazi, juu kwenye roshani ya kwaya watu wa vitafunwa. Msalaba, meza ya Bwana na mimbari vikaondolewa kwa ibada maalumu, askofu mwenyewe akiongoza. Siku hiyo mama alilia mpaka skafu ikalowa.

Kabla ya hapo alikuwa amesimama kwenye mkutano, mbele ya watu wote, akamnyooshea kidole yule mwekezaji.

"Wewe mwanangu, mama yako alikufundisha kuwa nyumba ya sala ni jiko?"

Kijana akainamisha kichwa. Alikuwa na adabu. "Hapana, mama. Lakini nikiliacha hivi lilivyo, masika mawili haya litaanguka. Nataka watu waendelee kuingia."

"Watu gani? Walaji?"

"Watu, mama."

Mama akafyonza, akaketi. Akakata kauli mbele ya kila mtu kwamba lile si kanisa tena, humo hamna Mungu, na hatatia mguu humo tena. Jambo moja tu aliomba, na aliliomba kwa sauti iliyovunjika: apewe benchi lake. Alitaka aliweke sebuleni kwake, aendelee kushika pale aliposhika mumewe. Na wanawe watakapokuja, maana alikuwa akisema kila mara kwamba watakuja, wakute pao pako palepale, pamepanguswa, pameng'aa. Kama benchi lile lingebaki likikaliwa na walaji wa chipsi, basi kwake mumewe angekuwa amekufa mara ya pili. Mwekezaji akasema, "Njoo ulichukue siku yoyote utakayo, mama. Ni lako."

Mama akachelewa kwenda. Alisema magoti, alisema mvua, alisema sebule bado haijapakwa rangi. Ukweli alikuwa anaogopa kuona. Mpaka siku moja ya katikati ya wiki, mchana, alipojikaza, akakodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, akamwambia dereva amngojee mbele ya mlango mkubwa, akapanda ngazi peke yake.

Kitu cha kwanza kilichomkasirisha ni kwamba pananukia vizuri. Alikuwa amejiandaa kwa moshi na mafuta, akakutana na kahawa, iliki na mkate uliotoka jikoni muda huohuo. Akatazama juu akitafuta kilichoharibiwa. Dari ileile, ila imesafishwa. Hakuwahi kujua kwamba mbao zake zilikuwa nyekundu namna ile. Vioo vya rangi vilikuwa vimeoshwa, na mwanga wake ulianguka kwenye sahani za watu, bluu juu ya wali, kijani juu ya kikombe cha mtu. Pale ilipokuwa meza ya Bwana paliachwa wazi, bila hata kiti, ndivyo mkataba ulivyosema. Na mabenchi yote yalikuwepo. Mwekezaji alikuwa ameyapanga mawili mawili yakitazamana, na meza katikati.

Na yalijaa, wapendwa. Mabenchi yote yalijaa! Makarani wa mahakamani, wauza vitambaa, wanafunzi, mzee mmoja na redio yake, mzazi na watoto wake mapacha, watu wasiojuana wamekaa bega kwa bega, huyu anamsogezea yule chumvi. Mama akatazama, na moyo wake ukauma kwa wivu. Aliona wivu kwa niaba ya Mungu. Mbona hawa hawakuja tulipokuwa tunawapigia kengele?

Akaliona benchi lake. Akalijua hata kabla ya kulifikia. Na upande uleule, mkono ukiwa umetulia palepale palipolainika, alikuwa amekaa mwanamke wa makamo mwenye koti jeupe la duka la dawa, anakula chapati na maharage. Kando yake yupo yule mzee mwenye redio.

Sasa hebu niambieni, mama huyu aliyeapa kwamba lile si kanisa tena, alifanya nini? Miguu yake ikaenda yenyewe. Akafika, akainama, akanong'ona kama alivyonong'ona maisha yake yote:

"Samahani, hapo pana wenyewe."

Ndani ya mgahawa! Mtu ana chakula mdomoni!

Yule mwanamke akanyanyua uso. Akamtazama mama, akatafuna taratibu, akameza. Halafu akainuka na sahani yake bila ubishi, kama mtu anayeijua njia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usinielewe vibaya, mwanangu. Nimekuja kulichukua, gari lipo nje."

"Sawa, mama. Sina neno. Ila hii ni mara ya pili unaniinua hapa."

Mama akakunja uso. "Mimi? Mimi sikujui."

"Ndiyo, hukunijua." Aliyasema hayo bila ukali wowote. "Nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza kazi kwenye duka la dawa hapo ng'ambo ya barabara. Nimemzika mama yangu, nimerudi, Jumapili nikasema niingie nisali. Nikakaa hapahapa. Ukaja na skafu yako, ukaniambia pana wenyewe. Nikakuuliza, wako wapi? Ukasema unawangojea wanao, huenda wakaja leo."

Mama akashika meza.

"Nikahama. Benchi la nyuma ukanihamisha, la nyuma yake ukanihamisha. Nikakaa mlangoni, mvua ikaja, nikaondoka kabla ya sala ya mwisho. Tangu siku ile, Jumapili nilikuwa nafungua duka mapema, naacha mlango wazi ili niwasikie mnavyoimba. Nyimbo zenu zote nazijua, mama. Sauti yako naijua, unaimba ya kwanza. Ila dari hii nimekuja kuitazama vizuri juzijuzi tu, walipoandika pale nje 'Karibuni chakula'." Akasita kidogo, kisha akauliza, na aliuliza kwa huruma kabisa, maana alitaka kujua: "Wanao walikuja, mama?"

Kelele za mgahawa ziliendelea, vijiko, vicheko, mtu akiagiza chai ya tangawizi. Mama akalitazama benchi. Alikuwa ameliweka benchi lile tupu Jumapili baada ya Jumapili. Alikuwa amelilinda dhidi ya kila mtu aliyekuja, kwa ajili ya watu ambao hawakuja. Na aliyekuwa na msiba wake mbichi, aliyehitaji mama siku ile kuliko kitu kingine chochote, alikuwa amemsindikiza yeye mwenyewe mpaka kwenye mvua.

"Hawakuja," akasema. Akaanza kulia, mtu mzima yule, na mzee wa redio akazima redio yake.

Mwanamke wa duka la dawa akaweka sahani yake chini. Mngemtarajia afanye nini? Angeweza kuondoka. Angeweza kusema, basi leo nawe kaone mlangoni palivyo. Alirudi akakaa benchini, akasogea, akasogea tena mpaka mzee naye akasogea, na pembeni, pale palipolainika, pakabaki nafasi ya mtu mmoja.

"Kaa, mama," akasema. "Hapa tunabanana tu."

Mama akakaa. Akaweka kiganja chake mahali pake, na bega la mtu mwingine likagusa bega lake. Ilikuwa miaka mingi hajakaa benchi lile akiwa na joto la mtu kando yake. Wakamwagizia chai na chapati. Chai ilipofika, yule mwanamke akasema, "Mama, tuombee basi, nawe ndiye mkubwa wetu." Na yule aliyesema kwamba humo hamna Mungu tena akafumba macho, akaomba, kwanza kwa sauti ya kukwama, halafu kwa ile sauti yake ya kwanza, na dari ikaipokea kama ilivyoipokea siku zote. Meza ya jirani ikaitika "Amina", na hata wao hakuwajua ni akina nani.

Huko nje dereva wa kirikuu alichoka kungoja, akaingia akijifuta jasho.

"Mama, vipi, tulibebe? Lipi lenyewe?"

Mama akamtazama, akatazama benchi, akamtazama yule mwanamke wa duka la dawa ambaye sasa alikuwa akimcheka mzee aliyemwaga chai kwenye redio.

"Nenda, baba," akasema. "Haliwezi kubebeka. Limekaliwa."

Wapendwa, mliniuliza Mungu atakwenda wapi. Mimi nawauliza, siku yule mwenye msiba alipoinuliwa benchi kwa benchi mpaka mlangoni, Mungu alikuwa amekaa wapi? Alibaki mbele, karibu na maua, akitupigia makofi kwa utaratibu wetu? Au alivuka barabara kwenye mvua pamoja naye, akakaa kwenye duka la dawa mlango ukiwa wazi, akawa anatusikiliza tunavyomwimbia?

Msinielewe vibaya, na mzee wetu wa hazina asianze kutabasamu. Sisemi kila kanisa ligeuzwe mgahawa. Napenda mawe yale kama ninyi, na mimi nilibatizwa humo. Siku msalaba utakaposhushwa nitalia, na sitawaomba radhi kwa machozi yangu. Lakini nawaambia nina tumaini, na tumaini langu halikuanzia kwenye mkataba. Nina tumaini kwa sababu mama yule alikaa. Kama mtu aliyelinda nafasi maisha yake yote aliweza kukaa akasogezewa, hata sisi tunaweza. Hatujachelewa. Yule mwanamke wa duka la dawa alikuwa angali anazijua nyimbo zetu zote.

Maana tusidanganyane. Tunalilia jengo la zamani tukiwa ndani ya jengo jipya, bati linang'aa, rangi bado inanuka. Na kutoka hapa niliposimama mimi naona kila kitu. Naona mkoba umekaa peke yake kwenye kiti, umekaa vizuri, unasikiliza neno. Naona sweta. Naona Biblia imelazwa kwa urefu kushika nafasi ya mtu ambaye nimemwona mwenyewe harusini jana, tena mkoa mwingine, na leo hawezi kuwa amerudi. Ninyi mnacheka? Mimi sicheki. Tuna muda gani hapa? Na tayari hata hapa pana wenyewe.

Leo sifungi kwa sala ndefu. Tangu nimeanza kuhubiri wapo watu wamesimama pale mlangoni. Mama mwenye mtoto mgongoni, vijana watatu, na baba mmoja ambaye simjui, ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Msiwageukie kuwatazama, wataona haya. Chukueni mikoba yenu mpakate. Wahudumu, waleteni mpaka huku mbele, karibu nami.

Na ninyi mliokaa, sogeeni.

Sogeeni tena.